Kura Juu ya Kichwa cha Mtu

Kati ya mwaka 1994 na mwaka 2002, watu 2,143 waliopasukiwa na mshipa wa damu kichwani walipangiwa tiba yao kwa kura. Walikuwa wamelazwa katika hospitali 43, nyingi zikiwa za Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Utafiti huo, unaojulikana kwa kifupi kama ISAT, uliongozwa na Andrew Molyneux, mtaalamu wa radiolojia, na Richard Kerr, daktari wa upasuaji wa ubongo, wote wawili wa Oxford. Watu 1,070 waliangukia upande wa kufunguliwa fuvu. Watu 1,073 waliangukia upande wa kutibiwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa kuanzia kwenye kinena.

Kila ninapomsimulia jambo hili mtu asiye wa fani ya tiba, sura yake hubadilika kabla sijamaliza. "Kura? Kwa mtu ambaye kichwa kinavuja damu?" Mshangao huo nauheshimu. Kwetu kura ni ya kuchagua diwani, au ya kugawana zamu ya mchezo wa kina mama kila mwisho wa mwezi. Mwenye kuumwa hapigiwi kura. Mwenye kuumwa hupelekwa kwa anayejua, na anayejua hufanya anachokijua.

Swali langu basi ni hili: je, daktari ana haki ya kuiachia kura uamuzi ambao mgonjwa alimwendea yeye ili auamue? Nataka kulijibu bila kuwakwepa wanaoshangaa, kwa sababu naamini wameona kitu cha kweli, hata kama mwishoni sikubaliani nao.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Umewahi kuona tairi la baiskeli lililolika ubavuni, mpira wa ndani ukachungulia kama puto dogo? Mwenye baiskeli anaweza kuendesha hivyo kwa siku nyingi bila habari. Kuna watu wenye puto la namna hiyo kwenye mshipa wa ateri chini ya ubongo, pale mishipa inapogawanyika. Madaktari huliita anurizimu. Wengi huishi nalo mpaka wakafa kwa sababu nyingine na wasijue kamwe kwamba lilikuwepo. Likipasuka, damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo. Mtu hushikwa na maumivu ya kichwa ya ghafla kama radi, ambayo hajawahi kuyapata maishani. Hutapika, shingo hukakamaa, wengine huzimia hapohapo. Baadhi hawafiki hospitali.

Anayefika hai bado hajapona. Tundu limezibwa na bonge la damu tu, na bonge hilo linaweza kuachia wakati wowote. Hatari ya kuvuja tena iko juu zaidi katika saa 24 za kwanza, na kuvuja kwa mara ya pili huua kuliko kwa mara ya kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa asiyeziba ufa mara nyingi hapati hata nafasi ya kujenga ukuta.

Njia za kuziba ni mbili. Ya kwanza ni ya kisu. Mwaka 1937, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, Walter Dandy alifungua fuvu la mgonjwa, akaifikia anurizimu, akaibana shingoni kwa kibanio kidogo cha fedha. Tangu hapo mbinu hiyo imeboreshwa kwa hadubini, kwa vibanio bora na kwa mikono iliyofundishwa kwa miaka mingi. Madaktari hukiita kibanio hicho klipu. Klipu ikikaa vizuri, puto limekatwa kutoka kwenye mkondo wa damu, na kwa kawaida jambo limekwisha. Gharama yake ni kwamba lazima upite. Lazima ukate mfupa, uusogeze ubongo ambao tayari umeumizwa na damu, ufanye kazi kati ya mishipa myembamba inayolisha uwezo wa kusema, kuona na kutembea.

Ya pili ni ya kupitia ndani. Katheta huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa kinena, hupandishwa kifuani, shingoni, hadi kichwani, huku daktari akiangalia njia kwenye skrini ya eksirei. Kutoka kwenye ncha yake nyuzi laini za platinamu husukumwa ndani ya puto, zikajikunja kama uzi kwenye kibunda mpaka zikalijaza na damu ikaacha kuingia. Guido Guglielmi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, aligundua namna ya kuuachanisha uzi huo na waya wake kwa mkondo mdogo wa umeme. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa njia hiyo mwaka 1990. Koili, kama wanavyoziita, haziugusi ubongo kutoka nje. Gharama yake ni kwamba nyuzi zinaweza kujikandamiza baada ya muda, puto likafunguka tena, na mgonjwa akahitaji kurudi.

Hali ndiyo hiyo katikati ya miaka ya tisini. Upande mmoja kuna madaktari wa upasuaji wenye nusu karne ya uzoefu nyuma yao, wanaosema: sisi tunafunga moja kwa moja, ninyi mnajaza waya na kuomba Mungu. Upande mwingine kuna wataalamu wa radiolojia wanaosema: ninyi mnafungua kichwa cha mtu aliyekwisha kuumia, sisi tunamwacha kama alivyo. Kila upande una wagonjwa wake waliopona na kuondoka kwa miguu yao, na kila upande unao waliokufa, ambao vifo vyao vilielezwa kwa ukali wa ugonjwa. Mganga hajigangi, na ni nadra pia kujihesabu.

Sasa jiulize mgonjwa alipata tiba gani katika miaka ile kabla ya kura. Alipata tiba ya mlango alioingilia. Aliyepelekwa katika mji wenye bingwa wa kisu alipata kisu. Aliyepelekwa kwenye mji ambao mtaalamu wa koili amehamia mwaka jana alipata koili. Penye wote wawili, huenda ilitegemea nani yuko zamu Jumamosi ile usiku, nani ana sauti kubwa kwenye kikao cha asubuhi, nani amerudi likizo. Nasema kura ilikuwepo tayari. Tofauti ni kwamba ilipigwa gizani, hakuna aliyeiita kura, na haikumfundisha mtu kitu. Baada ya maelfu ya wagonjwa, dunia ilikuwa palepale, kila upande ukiwa na uhakika wake.

Hili ndilo jibu la kwanza kwa anayeshangaa, na wengi wa watetezi wa utafiti huishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu jibu hili lina kasoro. Kwamba jambo linatokea kwa bahati hakumfanyi mtu kuwa na haki ya kulitenda kwa makusudi. Mvua hubomoa nyumba kwa bahati. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kubomoa nyumba kwa kura. Yule daktari wa zamu ya Jumamosi, hata kama alikosea, alimtazama mgonjwa wake na kufanya alichoamini ndicho bora kwa huyo. Anayepiga kura ameacha kufanya hivyo. Kuna kitu kati ya daktari na mgonjwa, ahadi isiyoandikwa, inayosema: nikiwa mikononi mwako, utanifikiria mimi, na hutawafikiria wale watakaokuja mwaka kesho. Kura inaonekana kuivunja ahadi hiyo.

Hapa kuna neno moja linalobeba uzito wote, nalo ni "sijui". Ahadi ya daktari ni kunipa anachojua kuwa ni bora. Ikiwa kweli hajui, hana cha kuninyima. Mwanafalsafa wa Kanada, Benjamin Freedman, aliliweka vizuri jambo hili mwaka 1987. Alisema tusimtake daktari mmoja awe na mizani iliyosimama sawasawa moyoni mwake, kwa sababu moyo huyumba kwa mgonjwa wa jana tu. Tutazame jamii nzima ya wajuzi. Ikiwa wajuzi waaminifu wamegawanyika, na kila kundi lina sababu za maana, basi ujuzi wenyewe bado haujapatikana, hata kama kila mmoja anadhani anao. Katika hali hiyo daktari mwenye mwelekeo wake anaweza kusema kwa unyoofu: mimi napendelea hivi, lakini wenzangu ninaowaheshimu wanapendelea vile, na hakuna kati yetu aliye na ushahidi wa kumshinda mwenzake.

Kusema hivyo ni vigumu kuliko inavyoonekana. Daktari wa upasuaji wa ubongo hawi daktari wa upasuaji wa ubongo kwa kuwa na mashaka. Huwezi kuingiza chombo milimita chache kutoka kwenye mshipa wa uhai huku ukijiuliza kama ungepaswa kuwa hapo. Uhakika ni sehemu ya vifaa vya kazi, kama hadubini. Kumwomba mtu wa namna hiyo akiri, mbele ya ndugu wa mgonjwa, kwamba huenda kazi aliyoisomea maisha yake yote si bora kuliko waya wa jirani yake, ni kumwomba jambo zito. Waliokubali kufanya hivyo katika hospitali zile 43 wanastahili heshima ambayo takwimu haziwezi kuionyesha.

Na hawakukubali kwa kila mgonjwa. Wagonjwa 9,559 walitazamwa kwa ajili ya ISAT. 2,143 tu ndio waliopigiwa kura. Wengi wa waliobaki hawakuingizwa kwa sababu madaktari waliona njia moja inafaa wazi kwa huyo: umbo la puto, mahali lilipo, hali ya mgonjwa. Wakosoaji walilitumia hilo kusema utafiti ulichagua watu wake na matokeo hayawahusu wote. Ni kweli kisayansi, na ni tahadhari ya haki. Walioingia walikuwa zaidi wenye hali nzuri, na puto zao karibu zote zilikuwa kwenye mishipa ya mbele. Lakini kimaadili naiona namba hiyo kwa jicho jingine. Inaonyesha kwamba kura iliwekwa pale tu ambapo "sijui" ilikuwa ya kweli. Palipokuwa na "najua", au hata "nadhani kwa nguvu", mgonjwa alipewa alichodhaniwa kumfaa.

Kule Phoenix, Arizona, taasisi ya Barrow ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2003 waligawa wagonjwa kwa zamu, huyu kisu, anayefuata koili, bila kwanza kuangalia puto lina umbo gani. Walitaka jibu linalomhusu kila anayeingia mlangoni. Ila walipofika kwenye utendaji, zaidi ya theluthi moja ya waliopangiwa koili walihamishiwa kwenye klipu, kwa kuwa daktari aliyemtazama mgonjwa aliona koili haitamfaa. Napenda sana jambo hilo. Hata ndani ya mpango uliotaka kura itangulie, jicho la daktari lilirudi na kudai haki yake. Pale anapojua, kura inakaa pembeni.

Sasa tuje kwa ndugu. Tuchukulie mke ameitwa kwenye korido saa tisa usiku. Mumewe alikuwa anakula chakula cha jioni, akashika kichwa, akaanguka. Daktari kijana anamwambia: "Mama, shikamoo. Mzee amevuja damu kwenye ubongo. Tuna njia mbili za kumtibu, na hatujui ipi ni bora. Tunakuomba ruhusa tumwingize kwenye utafiti utakaoamua kwa kura." Mama huyu anasikia nini? Anasikia "hatujui". Kwake hilo si neno la kifalsafa, ni ardhi inayotitia. Anaweza kukubali kwa sababu amechoka, kwa sababu anaogopa kumuudhi daktari, kwa sababu anadhani akikataa watamwacha. Je, hiyo ni ridhaa?

Nadhani ni ridhaa dhaifu, na tusiipambe. Hakuna ridhaa yenye nguvu saa tisa usiku. Lakini tuilinganishe na ridhaa nyingine inayopatikana katika korido hiyohiyo. Daktari mwenye uhakika angemwambia: "Mama, tutamfanyia upasuaji, ndiyo njia." Mama angesaini kwa kalamu ileile, kwa mkono uleule unaotetemeka, na angesaini kwa utulivu zaidi. Utulivu wake ungetokana na kutoambiwa kwamba hospitali ya mji wa pili wangefanya kinyume. Ninapoziweka ridhaa hizi mbili kwenye mizani, ile ya pili inamfariji zaidi na ya kwanza inamheshimu zaidi. Mtu wa haki anaweza kuchagua faraja. Anachoweza kudai ni kwamba isichaguliwe kwa niaba yake bila yeye kujua.

Hilo linanipa sharti la kwanza: kura iwe ya wazi, na mlango wa kuikataa ubaki wazi bila adhabu. Jaribio maarufu la kwanza la namna hii, la dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu huko Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, halikutimiza sharti hilo. Wale waliopangiwa kulala tu kitandani bila dawa hawakuambiwa kwamba wamo kwenye jaribio. Watetezi wake walikuwa na hoja nzito, kwamba baada ya vita dawa ilikuwa chache mno kumtosha kila mtu, na kura ilikuwa njia ya haki kuliko upendeleo. Kwamba kura ilikuwa ya haki nakubali. Kunyamaza hakukuwa haki.

Sharti la pili ni gumu zaidi: kura ikome. Mnamo Mei 2002 kamati iliyokuwa ikisimamia ISAT iliangalia hesabu, ikasimamisha uandikishaji kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia. Kati ya waliotibiwa kwa koili ambao taarifa zao za mwaka mmoja zilikuwa tayari, 190 kati ya 801 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine kuishi. Kwa waliofunguliwa fuvu walikuwa 243 kati ya 793. Yaani asilimia 23.7 dhidi ya asilimia 30.6. Kwa kila wagonjwa 100 wa aina ile, takriban saba zaidi waliokoka na ulemavu mkubwa au kifo kwa sababu waliangukia upande wa waya.

Asiyetulizwa na jambo hili yuko sahihi kutotulia. Kwa hesabu ya kawaida, upande wa kisu kuna watu zaidi ya 50 ambao, lau kura ingeangukia kwingine, wangekuwa hai au wanajihudumia. Nimejaribu kuwafikiria na nimeshindwa kwa namna ya ajabu. Hawana majina. Hakuna mjane hata mmoja anayeweza kusema "mume wangu ni mmoja wao", kwa sababu wengi wa wale 243 wangeumia vilevile kwa njia nyingine yoyote. Madhara yapo kwa hakika kwenye jumla na hayapo kwa hakika kwa mtu yeyote. Maadili yetu ya kila siku hayakuumbwa kwa ajili ya majeruhi wa namna hii. Tumezoea kumuuliza aliyedhulumiwa, na hapa hakuna wa kuulizwa.

Wengine watasema, kwa kuwa hawajulikani, hakuna deni. Mimi nasema kinyume chake. Deni la mtu anayejulikana linaweza kulipwa: unamwendea, unamwomba radhi, unampa fidia. Deni la wasiojulikana hulipwa kwa njia moja tu, nayo ni kukitumia walichokinunua. Daktari ambaye, baada ya matokeo yale, aliendelea kufungua kila fuvu kwa sababu ndivyo alivyozoea, aliwafanya wale zaidi ya 50 waumie bure. Naye aliyeyachukua matokeo akayapeleka mbali kuliko yalikofika, akaweka koili hata kwenye puto ambazo hazikuwa za aina iliyopimwa, naye hakuwaheshimu. Kuheshimu ni kusoma kwa makini kile walichokilipia, na kipimo chake.

Na kilichonunuliwa kina sehemu mbili. Wagonjwa 1,644 wa Uingereza wa utafiti huo waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2015 matokeo ya hadi miaka 18 yalichapishwa. Baada ya miaka kumi, asilimia 83 ya waliowekewa koili walikuwa hai, dhidi ya asilimia 79 ya waliowekewa klipu. Lakini baada ya mwaka wa kwanza, puto lililotibiwa lilivuja tena kwa watu 13 wa upande wa koili, na kwa watu wanne wa upande wa klipu. Madaktari wale wa kisu waliosema "sisi tunafunga moja kwa moja" hawakuwa waongo. Walikuwa wakisema kweli moja ndogo na kuidhania ni kweli yote. Na wenzao wa Phoenix waliona tofauti ya mwaka wa kwanza ikififia kwa miaka iliyofuata kwenye mishipa ya mbele, huku kwenye mishipa ya nyuma koili ikibaki mbele. "Sijui" ya mwaka 1994 ilikuwa pana kama bahari. Leo ni mto, na daktari anaweza kusema aina fulani ya puto liko ng'ambo ipi. Ila mto haujakauka.

Msomaji wa Tanga au Kisumu anaweza kuuliza sasa: haya ya Oxford yananihusu nini? Anayeanguka Sumbawanga au Lodwar ameshapigiwa kura nyingine kabla hajafika mbele ya daktari yeyote wa ubongo. Je, atakayempokea atajua maumivu haya si malaria wala presha ya kawaida? Je, kuna mashine ya kupiga picha ya kichwa, na inafanya kazi leo? Nani atakodi gari? Vyumba vya kutibu kupitia ndani ya mshipa vimeanza kupatikana Dar es Salaam na Nairobi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwenye saa 24 na barabara ya mamia ya kilomita hachagui kati ya klipu na koili.

Nalijibu kwa mambo mawili. La kwanza, tusidhani kura za tiba ni za kwao tu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kuingia katika majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walipangiwa kwa kura, wengine tiba ya miezi 6, wengine ile ya kawaida ya miezi 18. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, nayo yalisaidia kufungua njia ya tiba fupi inayotumika leo duniani kote. Mgonjwa wa Manila au Lima anayemaliza dawa zake kwa miezi sita anadaiwa na watu wetu ambao majina yao hayajui. Deni hupita mipaka, nasi tuko pande zote mbili za daftari.

La pili linauma zaidi. Kura ya daktari, nimesema, ni halali pale tu "sijui" inapokuwa ya kweli, inapotangazwa, na inapokoma jibu likipatikana. Ipime kura ya mahali kwa masharti hayohayo. Hatuwezi kusema hatujui kwamba mtu anayevuja damu ubongoni anahitaji kufika kwenye hospitali inayoweza kumtibu. Tunajua. Hakuna aliyemwomba ridhaa mtoto wa Sumbawanga azaliwe mbali na mashine. Na kura hiyo haina kamati ya kuisimamisha; inapigwa kila siku, wala haimfundishi mtu kitu kipya. Yule anayeshtuka kusikia madaktari wa Oxford walipiga kura, na hashtuki kwa hii, ameelekeza mshtuko wake kwenye kura iliyo bora kuliko zote mbili.

Simaanishi kwamba kila mkoa ujengewe chumba cha koili kesho. Kupanga ni kuchagua, na fedha ya mtambo mmoja inaweza kununua mambo mengi, yakiwemo ambayo yangeokoa watu wengi zaidi. Inawezekana kwa haki kabisa kusema: kwanza tuwafundishe wahudumu wa zahanati kuyatambua maumivu ya ghafla kama radi, kwanza tupime presha za watu na kuwasaidia kuacha sigara, maana presha na sigara ni miongoni mwa vinavyolipasua puto. Huo ni uchaguzi unaoweza kutetewa mbele ya watu. Kisichoweza kutetewa ni kuacha mambo yalivyo na kuyaita bahati mbaya.

Basi narudi kwa yule anayeshangaa, na ninamwambia hivi. Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki, kwa sababu kura bila "sijui" ya kweli ni ukatili, na kura bila kuambiwa ni udanganyifu. Ila daktari aliyekwambia "sijui, na nataka kujua, na nitakuambia nikijua" hajakutupa. Amekupa kitu ambacho wengi wenye uhakika hawakuwahi kukupa. Wanaoingia hospitalini leo wakiwa na puto lililopasuka hutibiwa na watu wanaojua zaidi kidogo, kwa sababu watu 2,143, wengine wakiwa macho, wengine ndugu zao wakisaini kwa niaba yao, waliruhusu wasijulikane watakwenda upande upi. Hatuwezi kuwashukuru mmoja mmoja. Tunaweza kuacha kujidai kujua tusichokijua, na kuacha kujifanya hatujui tunachokijua vizuri sana.